Jicho Linalowaka kutoka Ndani

Januari 2024 Dar es Salaam ilijaa macho mekundu. Ofisini, kwenye daladala, shuleni na misikitini, kila palipokusanyika watu hapakukosa mtu aliyevaa miwani ya jua kivulini. Muda si mrefu Mombasa nayo ikaingia. Virusi vilisafiri kwa mkono, kwa taulo na kwa mto wa kulalia. Majirani walipeana dawa za kila namna, na wizara ya afya ikahimiza watu wanawe mikono, waache kufikicha macho, wasitie jichoni kitu ambacho hakikuandikwa na mtaalamu. Baada ya wiki moja au mbili wengi walikuwa wamepona. Kila mmoja aliisifu dawa yake, lakini kwa wengi wao kilichowaponya ni mwili wenyewe.

Mlipuko ule uliacha somo mitaani kwamba jicho jekundu hupona lenyewe. Kwa ugonjwa ule somo ni sahihi, kwa kuwa virusi vilishambulia ngozi laini ya juu ya jicho na ya ndani ya kope, mahali ambapo mwili hujitibu haraka. Ninaloliogopa ni kulitumia somo hilohilo kwa jicho jekundu la aina nyingine, ambalo ukilitazama kwa mbali utaliona lilelile.

Ndani ya ukuta mweupe wa jicho kuna tabaka linaloitwa uvea. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini la zabibu, kwa sababu jicho likivuliwa ukuta wake wa nje, kinachobaki hufanana na zabibu iliyomenywa. Sehemu yake ya mbele ndiyo lile duara la rangi linalozunguka mboni. Ya nyuma ni mtandao mnene wa mishipa ya damu unaoilisha retina. Tabaka hili likipata mchochota, yaani likivimba na kuwaka kwa sababu kinga ya mwili imeingia vitani humo, madaktari huita hali hiyo uveitisi. Mgonjwa haamki na tongotongo zilizogandisha kope. Anaamka na maumivu mazito ya ndani, mwanga wa dirishani unamchoma, na anaona kama ametandikiwa ukungu. Wekundu wake mara nyingi hauenei jicho zima, bali hukaa kama pete kuizunguka rangi ya jicho. Mchochota ukiachwa, duara la rangi hugandamana na lenzi iliyo nyuma yake, na mboni iliyokuwa mviringo huwa na pembepembe. Na wapo wasiopata wekundu wala maumivu kwa sababu kinachowaka kiko nyuma kabisa, kwenye retina. Hao huona vivuli vidogo vinavyoelea, na kwa kuwa havina uchungu huvizoea.

Katika nchi tajiri, ugonjwa huu hukadiriwa kusababisha takriban asilimia 10 ya upofu. Katika nchi zinazoendelea makadirio hufika asilimia 25. Tofauti na mtoto wa jicho, ambaye kwa kawaida huja na uzee, uveitisi huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 60. Ndio wanaoendesha bodaboda, wanaoshona, wanaofundisha na wanaolipa ada za watoto.

Vitabu vingi vya udaktari wa macho viliandikwa Ulaya na Marekani, kutokana na wagonjwa wa huko. Kule, mgonjwa mwenye uveitisi ya mbele iliyoanza ghafla hutafutiwa kwanza alama ya kurithi katika damu inayoitwa HLA-B27. Takriban nusu ya wagonjwa wa aina hiyo wanayo, na inaeleza kwa nini kinga yao inaushambulia mwili wenyewe. Alama hiyo ni adimu kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara. Daktari wa Mwanza au Kisumu akiianza safari yake pale vitabu vinapoanzia, anaweza kuzunguka muda mrefu akitafuta kitu ambacho mgonjwa wake hana, huku alichonacho kinaendelea kula jicho. Utafiti uliofanywa vijijini Limpopo, kaskazini mwa Afrika Kusini, mahali penye VVU na kifua kikuu kwa wingi, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya uveitisi ya pale ilitokana na maambukizi. Nadhani hapo ndipo pa kuanzia huku kwetu: jicho lihesabiwe kuwa na maambukizi mpaka ithibitishwe kuwa hayapo.

Mkanda wa jeshi ni mfano wa karibu. Virusi vya tetekuwanga havitoki mwilini baada ya mtoto kupona. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu miaka mingi, vikisubiri kinga ilegee. Vikiamka katika mshipa wa paji la uso, malengelenge hupanga mstari upande mmoja wa kichwa na kushuka hadi kwenye kope. Tawi la mshipa uleule linaloenda ncha ya pua linaingia pia ndani ya jicho, kwa hiyo malengelenge yakionekana puani, jicho liko hatarini hata kama bado ni jeupe. Mwaka 1987 daktari wa macho Philippe Kestelyn, aliyekuwa akifanya kazi Kigali, na wenzake walichapisha waliyoyaona kwa vijana wa pale: mkanda wa jeshi mkali wa jichoni, ugonjwa ambao Ulaya ulikuwa wa wazee, kwa kijana wa Kiafrika ulikuwa alama ya virusi ambavyo wakati huo dunia ilikuwa imevijua kwa miaka michache tu. Kwa baadhi ya watu, jicho lilitangulia kutoa habari ya VVU kabla ya kifua, ngozi au mizani.

Baadaye ARV zilibadili mambo, lakini hazikuyamaliza. Kinga iliyoshuka sana hufungua njia kwa sitomegalovirusi, vinavyoila retina kimyakimya. Kabla ya ARV viliwapofusha wagonjwa wengi wa UKIMWI Marekani na Ulaya. Afrika vilionekana kwa uchache zaidi, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya kusikitisha: wagonjwa wetu walikufa kwa kifua kikuu na maradhi mengine kabla kinga haijashuka hadi kiwango ambacho virusi hivyo vinakihitaji. Tena mgonjwa anayeanza dawa na kinga yake ikapanda anaweza kupata mchochota upya, kwa sababu askari waliorudi kazini wanamkuta adui wa zamani amelala jichoni. Mtu huyo anajisikia vizuri mwili mzima, uzito umerudi, halafu jicho linafifia. Asipoelezwa mapema ataona dawa ndiyo inayomdhuru na kuiacha.

Kaswende nayo imo, na hasara yake inauma zaidi kwa kuwa inazuilika kwa bei ndogo. Inaweza kujifanya ugonjwa wowote wa jicho, wa mbele, wa nyuma, wa jicho moja au yote mawili. Mjamzito akifika kliniki huchomwa kidole, na kwa tone la damu hupimwa kaswende pamoja na VVU katika ziara hiyohiyo. Mwanamume wa miaka 40 anayefika na jicho linalofifia anaweza kupita vyumba vitatu bila mtu kumchoma kidole, kwa sababu amekuja na jicho, na jicho halifikiriwi kuwa na uhusiano na mambo hayo. Penisilini, dawa ya zamani kuliko karibu zote zilizomo kabatini, bado inaiua kaswende. Kaswende ya jichoni hutibiwa kwa uzito wa kaswende ya ubongo, kwa penisilini ya mshipani kwa siku 10 hadi 14, na jicho lililowahiwa linaweza kurudi kuona.

Kifua kikuu ni kigumu kuliko hivyo, na hapa lazima nijihadhari na hoja yangu mwenyewe. Ukisema kwetu maambukizi yatangulie, ni rahisi kuteleza na kusema kwamba kila jicho lenye mchochota lina kifua kikuu kwa kuwa kifua kikuu kimejaa. Vidudu vyake vinapofika jichoni huwa vichache mno. Ukichota tone la majimaji ya ndani, mara nyingi hutapata kitu, hata kwa kipimo cha PCR. Kinachobaki ni ushahidi wa mbali: picha ya kifua, kipimo cha ngozi, historia ya kuishi na mtu aliyekohoa. Lakini inakadiriwa kwamba robo ya watu duniani wanabeba vidudu vya kifua kikuu vilivyolala, na watoto wetu wengi huchanjwa BCG wakiwa wachanga, chanjo ambayo yenyewe inaweza kuufanya mkono uitikie kipimo. Mahali ambapo mikono mingi inaitikia, mkono ulioitikia haujathibitisha kilichomo jichoni. Umethibitisha tu kwamba mwenye mkono ni mtu wa hapa.

Kwa hiyo daktari huamua kwa kupima uzito wa mambo. Akiona mishipa ya retina imevimba kwa namna fulani, au vinundu kwenye tabaka la nyuma, na hakuna sababu nyingine, huanzisha dawa za miezi sita au zaidi na kusubiri. Mgonjwa akipona, daktari bado hana hakika, maana mara nyingi alimpa pia steroidi za kutuliza mchochota, na hajui ni ipi iliyofanya kazi. Daktari anayemweleza mgonjwa hivyo, kwamba tunatibu kwa kukisia lakini kwa kukisia kwenye sababu, namheshimu kuliko anayetoa jibu la haraka. Miezi sita ya vidonge vinavyoweza kuumiza ini si jambo dogo. Wala kupoteza jicho si dogo.

Steroidi zinahitaji kuzungumzwa peke yake, kwa sababu nyingi hazitoki kwa daktari. Anayejua maduka ya dawa ya mitaani anajua mazungumzo haya. Mtu anainama dirishani, anasema jicho linamuuma, anapewa kichupa ambacho ndani yake kuna antibiotiki na deksamethasoni kwa pamoja. Anatia matone, na kesho yake jicho ni jeupe. Ameridhika, na aliyemuuzia ameridhika. Steroidi imefanya kazi yake, ambayo ni kuiamuru kinga iache kupigana. Kama kilichokuwa kikipigwa vita ni virusi vya hepesi kwenye kioo cha mbele, sasa vinatambaa bila kuzuiwa na kidonda kinapanuka. Kama ni toksoplasma, kimelea kinachopatikana kwenye nyama isiyoiva na kinyesi cha paka, na kinachopenda retina, kinaendelea kula retina huku jicho likionekana zuri kiooni. Na mtu akiizoea ile chupa na kuirudia mwezi hadi mwezi, steroidi yenyewe inaweza kupandisha presha ya jicho au kumletea mtoto wa jicho kabla ya umri. Presha hiyo huua mshipa wa kuona polepole, kuanzia pembezoni, na kilichokufa hakirudishwi.

Sisemi steroidi ni sumu. Mchochota nao huharibu, na daktari asiyeutuliza kwa wakati atabaki na jicho lisilo na vidudu na lisiloona. Tatizo ni mpangilio. Kwanza mtu ajue anapigana na nani, au angalau amkinge mgonjwa kwa dawa ya adui anayeshukiwa zaidi, ndipo atulize vita. Duka la dawa linaanza na kutuliza na kuishia hapo. Simlaumu muuzaji peke yake. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba daktari wa macho yuko hospitali ya rufaa, safari ya siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi, ataenda dukani, na hata mimi ningeenda.

Kwa nini jicho lihifadhi maradhi ambayo mwili umekwisha kuyashinda? Kwa sababu limejengewa uzio. Mishipa yake ya damu imebana kuliko ya viungo vingine, na kinga huruhusiwa kuingia kwa kiasi, kwani vita kamili ndani ya kiungo laini hivyo vingekiharibu. Uzio huo unalinda kuona, na unawaficha pia wakimbizi.

Ebola ndiyo iliyofundisha hili kwa namna isiyosahaulika. Baada ya mlipuko wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995, madaktari waliwafuatilia manusura na kuwakuta wanne waliorudi na maumivu ya jicho, machozi na kuona hafifu. Wote walikuwa na uveitisi. Taarifa yao ilitoka 1999 na haikuushtua ulimwengu. Kisha 2014 akaugua Ian Crozier, daktari Mmarekani aliyezaliwa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliyekuwa akifundisha madaktari Kampala kabla ya kwenda kusaidia Kenema, Sierra Leone. Alitibiwa Atlanta, damu yake ikawa safi, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Haikupita miezi miwili, jicho lake la kushoto likawaka. Walipochota majimaji ya ndani walikuta Ebola hai, ilhali machozi yake hayakuwa nayo, na kwa hiyo kukaa naye au kumkumbatia hakukuwa hatari. Jicho la buluu lilikuwa limegeuka kijani. Baada ya matibabu, kuona kwake kulirudi.

Mlipuko wa 2018 hadi 2020 ulipoikumba Kivu Kaskazini na Ituri, manusura walifanyiwa uchunguzi wa macho pale Beni, katika mji ambao mgonjwa na muuguzi wanaelewana kwa Kiswahili. Ule ulikuwa mwendo sahihi. Marburg, ndugu wa Ebola, ilipatikana ndani ya jicho la mgonjwa Johannesburg tangu 1975, na Kagera imeipata Marburg 2023 na tena 2025. Mlipuko hutangazwa umekwisha siku 42 zikipita bila mgonjwa mpya. Kwa jicho la aliyenusurika, siku 42 hazitoshi kutangaza chochote.

Mfano mwingine unaotuhusu uko mbali kidogo na vichwa vya habari. Julai 2022 watu wa Ruangwa, Lindi, walipatwa na homa na kutokwa damu puani, na nchi ikashikwa na hofu ya ugonjwa usiojulikana. Ilikuwa leptospira, homa ya mgunda, inayopatikana kwa kugusa maji au udongo uliochafuliwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Homa ilipoisha, habari ikaisha. Lakini Madurai, kusini mwa India, baada ya mafuriko ya 1993, hospitali ya macho ya Aravind ilipokea wagonjwa wa uveitisi kwa wingi usio wa kawaida, na S. R. Rathinam na wenzake wakaonyesha kwamba chanzo ni leptospira. Macho huweza kuwaka wiki au miezi baada ya homa, wakati mkulima amekwisha kuisahau. Mkulima wa mpunga anayefika zahanati na jicho jekundu ana haki ya kuulizwa kama aliwahi kuugua homa msimu wa mvua. Mfugaji naye aulizwe kuhusu ng'ombe walioharibu mimba, kwa sababu homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, huweza kuacha kovu katikati kabisa ya retina, mahali tunapotumia kusomea.

Yapo maradhi ya macho tuliyoyaweza, au tunayokaribia kuyaweza. Usubi ni mmoja. Nzi wadogo wa kando ya mito iendayo kasi, kama ile ya Mahenge, huingiza minyoo mwilini, na watoto wa minyoo hao hutembea hadi jichoni. Wakiwa hai jicho huwavumilia. Wanapokufa, bakteria waitwao Wolbachia walioishi ndani yao humwagika, na mchochota unaofuata ndio unaopofusha. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bure ivamektini kwa kadiri itakavyohitajika, na wanavijiji wakapimwa urefu kwa fimbo, kila mtu akapewa vidonge kwa kimo chake. Trakoma nayo ilichunguzwa kwa kina Kongwa, Dodoma, na utafiti uliochapishwa 1995 ulionyesha kwamba kuhimiza vijiji kuosha nyuso za watoto, pamoja na dawa, kulipunguza ugonjwa mkali. Burundi ilithibitishwa kuitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2025.

Usubi una mnyoo mmoja na dawa moja. Trakoma ina bakteria mmoja. Kila mmoja una mpango wake, bajeti yake na mtu wa kuulizwa. Uveitisi ina sababu ishirini, na kila sababu ina mwenyewe anayehesabu kitu kingine. Mpango wa kifua kikuu unahesabu makohozi. Mpango wa UKIMWI unahesabu virusi kwenye damu. Kliniki ya wajawazito inahesabu kaswende ya akina mama. Idara ya macho inahesabu upasuaji wa mtoto wa jicho. Mwenye jicho linalowaka hamo kwenye safu ya yeyote kati yao, na asiyehesabiwa hatengewi kitu.

Hakuna haja ya kuanzisha mpango mwingine wenye jina lake na magari yake. Chumba cha macho kikiwa na kipimo kilekile cha kidole cha wajawazito, na ruhusa ya kukitumia, kaswende na VVU vitajulikana siku hiyohiyo. Kliniki nyingine nazo zijifunze kulitazama jicho. Kwenye kliniki za kifua kikuu kazi hiyo imekwisha kuanza bila kukusudiwa. Mojawapo ya dawa za kifua kikuu, ethambutoli, inaweza kuudhuru mshipa wa kuona, na dalili ya mapema ni mtu kuanza kuchanganya nyekundu na kijani. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayeitumia anapaswa kuulizwa kila anaporudi kuchukua dawa: unaona vizuri? Rangi je? Swali linaulizwa kwa ajili ya dawa, si kwa ajili ya ugonjwa. Muuguzi ni yuleyule, mgonjwa ni yuleyule, na kiti amekwisha kukikalia. Yamebaki maswali mawili ya kuongeza: jicho linauma kwa ndani? Mwanga unakuchoma?